Muulize Khala: Mito ya leso na pauni za Leicester

SWALI: Asalaam aleikum Khala. Mimi niko Kisauni, na mama yangu ni fundi wa cherehani. Tunashona mito ya kochi na mikoba kwa vitambaa vya leso. Binamu yangu anayeishi Leicester alibeba michache alipokuja Idi, na sasa marafiki zake wanaulizia. Kuna kijana amesema atanitengenezea tovuti ya duka kwa shilingi 60,000, kila kitu ndani, hata kulipa kwa kadi. Mama anasema nisubiri. Mimi nataka kuuza Uingereza, Marekani na Ulaya nzima. Nimpe hizo pesa?
Binti Fundi, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usimpe, bado. Mamako amesema kweli, ingawa nadhani kila mmoja wetu ana sababu yake. Yeye anamwogopa kijana, mimi naiogopa mizani.

Chukua mto mmoja uliojazwa, wa sentimita 45 kwa 45, uutie kwenye katoni yenye kimo cha sentimita 15. Kampuni za kusafirisha kwa ndege, kama DHL na FedEx, hazitazami mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, kisha wakakutoza uzito ule ulio mkubwa. Piga hesabu: 45 mara 45 mara 15 ni 30,375. Gawanya, unapata kilo sita na kidogo. Mto wenyewe haufiki kilo moja! Utakuwa unalipia kilo tano za hewa ya Kisauni ipande ndege. Mteja akiona nauli imeupita mto mara kadhaa, atafunga simu alale zake.

Sasa toa pamba. Kunja foronya tupu iwe sentimita 30 kwa 25, unene 3. Hesabu ile ile inakupa chini ya nusu kilo, na humo humo zinaingia foronya mbili au tatu. Basi uza foronya, mto wa ndani watanunua kwao. Ila ushone kwa vipimo vya kwao: 45 kwa 45 ni inchi 18, na mito ya kujazia ya saizi hiyo imejaa maduka ya Uingereza. Ukishona 43 kwa sababu leso ilibakia hivyo, foronya nzuri itarudi na maneno mabaya. Mikoba nayo isiwe na kitako kigumu. Ule unaokunjika bapa ndio unaosafiri.

Halafu nenda Posta ya Digo Road, usitume mtu. Beba foronya yako ikiwa imefungwa tayari kwenye bahasha yake, wakupimie pale dirishani. Kifurushi kidogo cha posta hakizidi kilo 2, na foronya zako zitatosha humo vizuri. Uliza bei ya kawaida, bei ya rejista na ya EMS, ile ya haraka, na kila moja huchukua muda gani. Namba ya kufuatilia mzigo utakayopewa ina herufi mbili, tarakimu tisa, na KE mwishoni. Bila namba hiyo usitume mzigo wa mtu, hata akuambie anakuamini. Utajazishwa pia fomu ndogo ya forodha iitwayo CN22: ni kitu gani, cha thamani gani, uzito gani. Andika ukweli. Mteja atakuomba uandike "zawadi" ili akwepe kodi. Kataa kwa upole. Zawadi ni ya mtu kwa mtu bila malipo, na hata hiyo Uingereza inasamehe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mpaka pauni 39 tu. Na kifurushi kikipotea, utadai thamani gani wakati ulijaza mwenyewe kuwa ni pauni mbili?

Nikija kwenye kodi za huko, hapa ndipo naona kijana wa tovuti hajakueleza, labda kwa sababu hajui. Tangu tarehe 1 Januari 2021, mzigo wa thamani isiyozidi pauni 135 unaotumwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa kawaida Uingereza hutozwa VAT pale unapouzwa. Maana yake muuzaji, hata akiwa Kisauni juu ya jamvi, anatakiwa kujisajili na mamlaka ya kodi ya huko, HMRC, atoze asilimia 20 na kuipeleka. Akiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko hilo ndilo linalobeba jukumu hilo. Na mnunuzi akiwa ni mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, akikupa namba yake, kodi hiyo inamhusu yeye. Sasa niambie, tovuti ya shilingi 60,000 itafanya nini kati ya hayo?

Wewe unaye binamu. Mwulize kama yuko tayari kuwa mwagizaji: unamtumia furushi moja la foronya 40 au 50, yeye analipa kinachotakiwa linapoingia, kisha anauza huko huko na kutuma kwa posta ya kwao. Mteja anapata mzigo wake siku chache tu baada ya kulipa, na kama rangi haikumpendeza, anarudisha Leicester, si Mombasa. Huyo binamu alipwe lakini. Undugu bila hesabu ndio unaovunja biashara nyingi za pwani, na nimeona watu waliokuwa wakila sahani moja sasa hawaendeani hata matangani. Andikeni: foronya ngapi zimetoka, ngapi zimeuzwa, fungu lake ni lipi, na zilizobaki zitafanywa nini.

Furushi kama hilo likikaguliwa, watataka kujua asili ya bidhaa. Upo mkataba wa biashara kati ya Kenya na Uingereza, ulioanza kutumika mwaka 2021, unaoondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zenye asili ya Kenya. VAT haiguswi. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba leso nyingi za Biashara Street zimechapishwa India. Usijaze "asili ya Kenya" kwa kuwa tu cherehani iko Kisauni. Peleka sampuli kwa maofisa wa forodha wa KRA, mamlaka yetu ya kodi, uwaulize, na jibu lao uliweke kwa maandishi.

Marekani iache kwanza. Zamani vifurushi vya chini ya dola 800 viliingia bila ushuru, na wengi wetu tulipanga bei kwa kutegemea hilo. Msamaha huo uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta duniani yakasitisha vifurushi vya kwenda huko kwa muda kwa sababu hayakuwa na njia ya kukusanya ushuru kabla mzigo haujaondoka. Ulaya nayo inatoza VAT kwa kila kifurushi tangu tarehe 1 Julai 2021, hata cha yuro moja, na tangu tarehe 13 Desemba 2024 bidhaa nyingi za kawaida zinatakiwa ziwe na mtu au kampuni ndani ya Umoja wa Ulaya anayewajibika kwa usalama wake. Kwa mtu mwenye cherehani moja, nchi moja inatosha. Una mtu Uingereza, basi ndiyo hiyo.

Pesa zitakufikiaje? Binamu anaweza kukutumia mauzo kwa M-Pesa kupitia huduma za kutuma pesa za huko, na hilo unalijua. Wale watakaokununulia moja kwa moja watapenda PayPal, na tangu mwaka 2018 salio la PayPal linaweza kutolewa hadi M-Pesa. Angalia mambo mawili. Jina la akaunti lilingane na kitambulisho chako na laini yako, maana likitofautiana hata kwa herufi za jina la babu utakwama. Na kiwango chao cha kubadilisha fedha kiko chini ya kile unachokisoma gazetini, juu ya makato ya kupokea malipo. Mnunuzi pia ana siku 180 za kufungua malalamiko, kwa hiyo usizitoe pesa zote siku ya kuingia ukanunulia leso nyingine. Acha kiasi humo, na risiti za Posta uzihifadhi mpaka muda huo upite.

Bei sasa. Leso, zipu, uzi, bahasha, nauli, makato, fungu la binamu, na ujira wa mama. Ndiyo, mama alipwe kwa kila foronya kama angekuwa fundi wa mtaa wa pili. Naona mabinti wengi wanasema "tunapata faida nzuri" kumbe faida yenyewe ni mgongo wa mama ulioinama bure kwenye cherehani. Ukishajumlisha hayo yote, ongeza juu yake moja ya kumi kwa mzigo utakaopotea au kurudi, na hapo ndipo uanze kuhesabu faida. Bei ikikutisha, mwulize binamu foronya kama hizo huuzwa pauni ngapi madukani Leicester kabla hujaanza kupunguza.

Jambo jingine, na hili ni la kwako kabisa: kitambaa. Leso mpya ina wanga, imekaza kama karatasi. Ikioshwa inalegea, inapungua, na ile nyekundu huchuja. Hebu fikiria kisutu, nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, kimetiwa kwenye mashine ya Mzungu kwa maji ya moto pamoja na mashuka yake meupe. Kila leso ioshwe kabla ya kukatwa. Iloweke kwenye maji ya baridi, uibadilishie maji mpaka yatoke safi, ianikwe kivulini, ipigwe pasi, ndipo mkasi. Ile isiyokoma kuchuja ibaki hapa, tutaivaa wenyewe. Kwenye kila foronya shona kitambulisho kidogo cha kuoshea: maji baridi, peke yake. Picha zipige asubuhi karibu na dirisha, bila taa, na moja uweke futi ya fundi juu ya kitambaa ili mtu aone vipimo kwa macho yake. Jina la leso lionekane katikati ya foronya, lisikatwe na zipu. Wenzetu walio ng'ambo wanalinunua jina hilo kabla ya maua, na wale wasiojua Kiswahili watakuuliza maana yake, kwa hiyo uwe umeshaiandika chini ya picha.

Kwa upande wa serikali yetu sina mengi: jina la biashara unalisajili kwenye eCitizen, PIN ya KRA bila shaka unayo, kibali cha biashara ni cha kaunti. Bidhaa zinazouzwa nje hazitozwi VAT ya hapa, lakini mauzo yako yakipita shilingi milioni moja kwa mwaka kodi ya mauzo inakuhusu. Weka daftari tangu foronya ya kwanza.

Na tovuti? Anza na katalogi ya WhatsApp Business na ukurasa wa Instagram, havikugharimu ila bando. Oda zikianza kuja kutoka kwa watu ambao wewe wala binamu hamuwajui, mwite yule kijana. Mwambie jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, kisha akukabidhi nywila zote. Mlipe kwa mafungu, fungu la mwisho baada ya mteja halisi kununua na pesa kuingia. Akikataa kusajili kwa jina lako, mtafute mwingine, vijana hao wapo tele.

SWALI: Khala, habari za siku. Mimi ni mchongaji, Changamwe. Mteja wa Ujerumani ameona picha za vinyago vyangu, anataka 20 vya mpingo kwa ajili ya duka lake. Rafiki yangu ananiambia mpingo umepigwa marufuku. Ni kweli?
Mchongaji, Changamwe

JIBU: Si marufuku, ndugu yangu, ila una masharti. Mpingo uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwanzoni mwa mwaka 2017, pamoja na miti ya jamaa yake yote. Orodha hiyo inaruhusu biashara kwa kibali. Baadaye masharti yakalegezwa: vitu vilivyokwisha kutengenezwa, ambavyo mti huo ndani yake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, havihitaji kibali cha CITES. Vinyago 20 vya mpingo mtupu vinaweza kupita hapo upesi, maana mti wenyewe ni mzito hata majini unazama. Pima. Vikizidi, wa kumwendea ni KWS, shirika la wanyamapori, kwa kuwa wao ndio wenye kutoa vibali hivyo hapa Kenya, na mteja naye atahitaji karatasi za kwao.

Lakini nikuulize, na usikasirike: ni mpingo kweli? Maana mimi nimezunguka vibanda vya wachongaji, na nimeona mti mweupe ukisuguliwa rangi nyeusi ya viatu hadi unang'aa kama mpingo wa Mtwara. Mtalii wa Fort Jesus anaweza asijue. Ofisa wa forodha wa Ujerumani akikwangua kidogo kwa kisu atajua, na wewe utakuwa umejitia kwenye maswali ya CITES kwa ajili ya mwembe. Andika mti wenyewe kwenye ankara: mwembe, mwarobaini, muhuhu, chochote. Mwembe si aibu. Kwa duka la Ulaya leo, mti uliopandwa na mtu shambani, uliokatwa baada ya kuacha kuzaa, ni sifa ya kuuzia. Mwambie mteja hivyo uone atakavyofurahi.

Kinachokutisha zaidi kiwe unyevu. Mti uliochongwa mbichi katika joto letu la pwani, ukaenda kukaa kwenye nyumba ya Ujerumani yenye hita mchana na usiku, utapasuka kuanzia kichwani kabla ya Krismasi. Mti ukae kivulini ukauke kabla ya kuchonga, na kinyago kilichokwisha kikae tena ndani kabla ya kufungwa. Msimu wa masika usifunge kabisa kwenye nailoni. Tumia karatasi, na utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Yeye akiwa ni mwenye duka anayeagiza kwa jina lake, VAT na mambo ya usalama wa bidhaa ni ya kwake. Ukija kuuza kifurushi kimoja kimoja moja kwa moja kwa Wajerumani wa kawaida, jua wana sheria inayomtaka hata muuzaji wa nje ajisajili kwa ajili ya makaratasi na maboksi anayofungia mzigo. Kwa hiyo mshike huyo mwenye duka. Dai nusu ya malipo kabla hujagusa patasi, na nusu mzigo ukiwa tayari, kabla haujapanda.

SWALI: Khala, nina magunia mawili ya kombe za baharini na matawi ya matumbawe yaliyokauka. Naweza kuyauza Marekani kupitia mtandao?
Kijana wa Mtwapa

JIBU: Matumbawe magumu na yale makombe makubwa kama beseni yote yako kwenye CITES, na magamba ya kasa ni haramu moja kwa moja. Kombe nyinginezo zahitaji vibali vya hapa kabla hata ya kufikiria Marekani. Wewe huna hata kimoja, ndiyo maana umeniuliza mimi na si KWS. Jibu ni la.

SWALI: Asalaam aleikum Khala. Nina ukurasa wa kuuza ndara za shanga. Mteja wa Canada ameagiza jozi 30 bila hata kuuliza saizi. Amenitumia malipo kwa kadi, yamezidi bei kwa dola 900, anasema hizo zilizozidi ni za wakala wake atakayekuja kuuchukua mzigo. Anataka nimtumie huyo wakala hizo 900 kwa M-Pesa leo. Mume wangu anasema ni riziki. Nifanye nini?
Mama Ndara, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam. Bi mdogo, usitume hata shilingi. Hiyo kadi kwa uwezekano mkubwa si yake. Mwenyewe atakapoiona taarifa ya benki atalalamika, malipo yote yatarudishwa, na zile 900 ulizotuma kwa M-Pesa zitakuwa zimetoka mfukoni mwako, zimekwenda. Mtu anayenunua jozi 30 za viatu bila kuuliza saizi hana haja ya viatu.

Wapigie leo hii walioshughulikia malipo hayo, waeleze, uombe yarudishwe yote kama yalivyokuja. Ndara usizifunge. Yeye mwandikie kwa adabu: malipo yamerejeshwa, tafadhali lipa kiasi kilicho kwenye ankara tu, usafirishaji nitaupanga mwenyewe, na naomba urefu wa nyayo kwa sentimita kwa kila jozi.

Hatojibu.